Tanuru la Talatala

Majuzi huko Talatala, wilayani Kyela, nilisimama kando ya tanuru la matofali. Magogo ya mwembe yalikuwa yakiteketea. Mwenye tanuru akaniambia: "Ndugu mwandishi, serikali inakataza kukata miti ovyo, mafuriko nayo yanabomoa nyumba ya udongo. Nimsikilize nani?"

Jibu lipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulifundisha matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, humwagiliwa maji, hayachomwi kabisa. Lakini mashine hiyo mwanakijiji ataitoa wapi? Amri bila nyenzo ni kumtuma mtu mtoni bila ndoo. Halmashauri na iipatie kila kata mashine moja, ndipo iwakamate wakata miti.