Nyumba ya mbao bila deni ya banki

Ndugu vijana wa Goma, tuseme wazi: banki inaomba salari, na sisi tuko na diploma tu. Bayeri naye anaomba garanti ya miezi 6, ijapo sheria ya 2015 inasema isipite 3. Hiyo makuta peke yake inanunua mbao!

Wazazi wetu walijenga juu ya lava ya 2002: mawe ya volkano chini, miti, mbao, mabati. Sisi watu 10 tulianza likelemba. Kila mwezi mmoja anapokea, chukudu inaleta mbao, wengine wanashika nyundo. Mwezi huu misumari, mwezi ujao mabati. Riba hakuna.

Lakini mwenzetu mmoja alipigilia mbao kwanza, karatasi ya parseli akaiacha nyuma. Kumbe muuzaji alikuwa ameshauza kwa mtu mwingine. Tulibomoa nyumba yote, ubao kwa ubao, tukaibeba (matofali hayabebeki hivyo). Pesa ya kiwanja haijarudi hadi leo.

Sasa likelemba yetu inaanza na karatasi: majirani, shefu wa avenyu, kisha ofisi ya ardhi. Na ofisi hiyo tunaiomba kitu kimoja: ibandike bei zake ukutani, kila mtu asome.