Taa za Ziada kwenye Pikapu na Macho ya Wenzetu Barabarani

(Maneno ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa madereva, mafundi na wakazi wa Mpondwe na vijiji vya jirani)

Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni zile taa kubwa ambazo wengi wenu mmezifunga, au mnakusudia kuzifunga, mbele ya pikapu zenu.

Tuanze kwa kuwatoa hofu. Hatukuja kuzipiga marufuku taa hizo, wala hatukuja kuhesabu nani anazo na nani hana. Pikapu zetu za doria nazo zimefungwa taa za ziada. Tunazijua njia mnazopita: anayetoka Katwe na magunia ya chumvi usiku, anayeshusha kahawa kutoka vijiji vya milima ya Rwenzori baada ya mvua, anayetokea Mbarara na kupita Katunguru wakati viboko wameshapanda kutoka mfereji wa Kazinga kwenda kula majani. Taa za kiwandani, hasa za gari lililokwisha kutumika miaka mingi kabla ya kufika kwetu, hazimtoshi dereva wa njia kama hizo. Anayetaka kuona mbali zaidi ana haki ya kutaka hivyo.

Ugomvi wetu ni na taa inayowaka mahali isipopaswa kuwaka. Gari linalokwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva aliyepigwa na mwanga mkali machoni huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona sawasawa tena. Zikiwa sekunde 3 tu, amekwenda mita 66 akiwa kipofu, na mikono yake ingali kwenye usukani. Wala si yeye peke yake aliye hatarini. Magari mawili yanapokaribiana usiku na taa zote zikiwa zimewaka, mtu anayetembea kando ya barabara katikati yao hutoweka. Hafichwi na giza, hufichwa na mwanga. Utando wa mwanga hutanda machoni mwa madereva wote wawili, na aliyebeba ndizi kichwani, au mtoto aliyetumwa dukani, au kijana wa boda boda ambaye taa yake ya nyuma imekufa, haonekani na yeyote kati yao. Mtu huyo humwona kila dereva waziwazi, na kwa sababu hiyo huamini kwamba naye anaonekana. Wapo kati yenu waliompoteza ndugu katika hali ya namna hiyo, na hatutaki kurefusha maneno juu ya msiba wa mtu mbele yake.

Basi tuzungumze na mwenye pikapu anayetaka kuongeza mwanga. Jambo la kwanza tunalomwomba ni kwamba asikimbilie dukani. Ili taa imulike mbali mara mbili kwa nguvu ileile, inahitaji mwanga mara nne. Kwa hiyo kununua taa yenye nguvu maradufu hakumpi mtu umbali maradufu, na fedha nyingi hupotea katika hesabu hii. Kabla ya kununua, aangalie alicho nacho. Kioo cha taa kilichogeuka manjano kwa jua hula mwanga mwingi, nacho husuguliwa na kung'arishwa kwa gharama ndogo. Baada ya kioo, aangalie waya. Taa ya halojeni haivumilii upungufu wa umeme: volti zikipungua sehemu 5 katika 100, mwanga wake hupungua kwa sehemu 15 au zaidi. Pikapu nyingi zinazolalamikiwa kuwa na taa hafifu zina taa nzima na waya zilizochoka. Fundi akipima volti kwenye betri, kisha akapima nyuma ya taa ikiwa inawaka, tofauti ya vipimo hivyo viwili itamwambia pa kuanzia.

Atakayeona kwamba bado anahitaji taa za ziada, azifunge kwa njia iliyo salama. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja, kwenye gari la volti 12, huvuta zaidi ya ampea 9. Umeme huo haufai kupitishwa kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Swichi itapata moto, na moto huo huanzia nyuma ya dashibodi mahali ambapo hakuna anayeuona mapema. Kazi hiyo ni ya rilei. Mafundi wetu hapa wanaijua kwa namba zake: 30 hupokea umeme kutoka betri, 87 huupeleka kwenye taa, 85 na 86 huiamsha. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Waya wa milimita mraba 2.5 unatosha. Ninyi mnaobeba chumvi ya Katwe mna jambo lenu la pekee: maji ya chumvi yanayotiririka kutoka kwenye magunia hula shaba haraka kuliko mvua ya mwaka mzima. Viungo vya waya vifungwe vizuri na kupakwa grisi, na waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, mbali na maji hayo.

Sasa tunafika kwenye waya mmoja tunaoujali kuliko nyingine zote, ule unaoiamsha rilei. Fundi anaweza kuutoa popote penye umeme, na mara nyingi huutoa panapomrahisishia kazi. Tunaomba autoe kwenye taa kali ya gari lenyewe, kisha aupitishe kwenye swichi ya dashibodi. Ukifungwa hivyo, dereva anaposhusha taa kwa ajili ya anayekuja, taa za ziada nazo huzimika papo hapo kwa mkono uleule mmoja. Ukifungwa vinginevyo, dereva hushusha taa za kiwandani, akaona kwamba ametimiza adabu ya barabara, na huku taa zake mbili za bampa zinaendelea kumchoma mwenzake. Madereva wengi tunaowasimamisha kwa sababu hii hushangaa kweli, kwa maana waliamini kuwa wameshusha. Sheria za barabara, upande huu wa mpaka na ule, zinamtaka dereva ashushe taa anapokutana na mwenzake. Haimsaidii aliyepofushwa kujua kwamba kosa ni la waya.

Kuna desturi nyingine iliyoenea, ya kuchomoa balbu ya halojeni na kuchomeka balbu ya LED ndani ya taa ileile. Hatuipendi. Bakuli la taa ya halojeni lilitengenezwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali pamoja hasa, na kila mkunjo wa bakuli hilo umepimwa kutoka kwenye uzi huo. Balbu ya LED hutoa mwanga wake mahali pengine na kwa umbo jingine, nao hutawanyika juu na pembeni. Dereva huona weupe mwingi karibu na bampa na kudhani amepata taa bora, ilhali umbali haukuongezeka, na anayekuja mbele anaumia. Taa ya LED iliyoundwa nzima kuwa LED, yenye kioo na bakuli lake yenyewe, haina tatizo hilo. Hutumia umeme kidogo na hudumu.

Kuhusu mahali pa kuifunga, vijana hupenda juu ya paa. Inapendeza, hatukatai. Lakini taa ya paani huimulika boneti ya gari lenyewe, na katika vumbi au ukungu hujenga ukuta mweupe mbele ya kioo cha dereva. Taa ya chini, kwenye bampa, hupita chini ya sehemu kubwa ya ukungu. Wengi wenu hupendelea rangi ya manjano wakati wa ukungu, na hilo ni la hiari ya mtu. Kinachosaidia zaidi ni taa kukaa chini na kumulika kwa upana. Msizipange hata zikaziba njia ya hewa ya rejeta, kwa maana mlima hautawasamehe.

Mzigo nao una habari yake, na hapa tunaomba usikivu wenu, kwa sababu pikapu si gari dogo. Chukueni pikapu ambayo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana kwa karibu mita 3. Taa zake ziko sentimita 90 kutoka ardhini, na zimepimwa vizuri: mwanga wa chini unashuka sentimita 10 katika kila mita 10. Pakieni magunia hadi springi za nyuma zishuke sentimita 6. Pua ya gari imeinuka, na mwanga uleule ambao ulikuwa ukishuka sasa unapanda sentimita 10 katika kila mita 10. Mita 60 mbele, umefika sentimita 150 kutoka ardhini, na hapo ndipo yalipo macho ya mwendesha boda boda. Dereva huyu ameshusha taa, hana taa ya ziada hata moja, hajavunja adabu yoyote anayoijua, na bado anampofusha kijana wa watu. Baadhi ya pikapu zina kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, chenye namba kuanzia 0, cha kuinamisha taa gari linapobeba mzigo. Tumeona vingi ambavyo havijawahi kuguswa tangu gari liliponunuliwa. Pasipo na kigurudumu hicho, taa zipimwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Nanyi mnaovuka daraja mna jambo la zaidi. Huku Uganda tunaendesha kushoto, kama Kenya na Tanzania. Kongo huendesha kulia, na ndivyo ilivyo Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Mwanga wa chini wa gari hauko sawa pande zote. Umeinuliwa kidogo upande wa ukingo wa barabara ili kuonyesha watembea kwa miguu na alama, na umekatwa upande wa anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kushoto likivuka kwenda Kasindi, sehemu iliyoinuliwa humwelekea anayekuja, na gari la Kongo linaloingia Bwera hufanya vivyo hivyo kwetu. Kwa hiyo mnapopigiwa honi na taa ng'ambo ya pili, msidhani kwamba mnachukiwa kwa ajili ya namba ya gari. Inamisheni taa zaidi ya mnavyoziinamisha nyumbani, pungzeni mwendo, na kama safari inaweza kusubiri mapambazuko, isubiri.

Kwenye vizuizi, ombi letu ni fupi. Mkiiona taa ya askari mbele, zimeni taa za ziada mkiwa bado mbali, shusheni taa za gari, washeni taa ya ndani, teremsheni kioo. Askari aliyepigwa mwanga machoni haoni dereva ni nani wala amebeba nini, na katika eneo la mpaka kama hili, askari asiyeona huingiwa na wasiwasi. Wasiwasi wa mtu mwenye silaha haumfai yeyote, si yeye wala ninyi. Afande akiona nyuso za waliomo ndani ya gari, mazungumzo huanza kwa salamu.

Na kwa wanyama wa hifadhini, taa si fimbo. Tembo au nyati aliyesimama barabarani akimulikwa kwa nguvu zote huweza kuganda palepale, au kugeukia mwanga. Shusheni taa, simameni mbali, mwacheni apite kwa wakati wake.

Tukimaliza hapa, tutakwenda pamoja kwenye ukuta wa ghala ulio nyuma yenu. Tumeuchora mstari, na tumeweka jiwe mita 10 kutoka hapo, kwenye uwanja ulio tambarare. Anayetaka kupimiwa taa alete gari likiwa na mzigo wake wa kawaida na upepo wa kutosha kwenye matairi, na dereva akae kwenye kiti chake. Mafundi wawili wa hapa Mpondwe wamekubali kutusaidia, nao wana bisibisi. Leo hakuna atakayeandikiwa faini kwa taa tutakayoikuta imepinda. Giza likiingia tutaanza na magari yanayoondoka usiku huu, kisha yatafuata mengine kwa zamu.