Nadharia bila mpini

Kwenye midahalo hatukosi mtu wa kusema: "Hiyo ni nadharia tu." Hebu tuipime.

Katiba ya 2010, Ibara ya 27(8), inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kwenye mabunge ya kaunti, letu la Homa Bay likiwemo, Ibara ya 177 inaweka njia: uchaguzi ukiisha, pengo linazibwa kwa viti maalum. Bunge la Taifa halikuwekewa njia hiyo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikalipa muda hadi 27 Agosti 2015. Muda ukapita. Mwaka 2020 Jaji Mkuu akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Sasa, nadharia ina kosa gani? Jembe ni lile lile. Huku lina mpini, kule halina. Na wanaotakiwa kuutia ndio wanaohofia viti vyao.

Kwa hiyo mgombea akija sokoni, msimuulize kama anaamini usawa. Wote wanaamini! Muulizeni: utaleta mswada gani, lini, na siku ya kura utakuwa ukumbini?