Shahada ya Pili Bila ya Kuacha Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bagamoyo)



Nimeombwa niseme machache juu ya mtu kujiendeleza kielimu akiwa kazini. Wengi huuliza: je, aliyekwisha ajiriwa, mwenye watoto na ada za kulipa, anaweza kweli kusoma shahada ya pili? Nawajibu kwamba anaweza, lakini kwanza ajue anaisomea nini.

Jambo lenyewe si geni nchini petu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba anayemaliza sekondari aende kazini kwanza, ndipo aombe nafasi ya Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulikwisha zamani. Hata hivyo, wazo kwamba kazi humwandaa mtu kwa masomo halikufa. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, na mwanafunzi halazimiki kuhama nyumbani kwake wala kuacha mshahara wake.

Mimi nilipotoka shuleni hapa nilijifunza uvuvi Mbegani, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, nikawa bwana samaki. Baadaye nilipata shahada ya kwanza, nikarudi pwani hii hii, tangu Mlingotini mpaka Saadani. Taabu yetu kubwa ilikuwa kokoro, yaani wavu unaokokotwa mpaka ufukweni ukikomba samaki wakubwa kwa wadogo. Sheria inaukataza. Tulikamata nyavu, tukazichoma moto, na mwezi haukupita kabla ya nyavu nyingine kuonekana majini. Elimu ya viumbe ilikuwa imenieleza kwa nini kokoro linadhuru, na sheria ilinipa uwezo wa kukamata. Lakini kwa nini mtu aliyechomewa wavu leo arudi na mwingine kesho? Swali hilo halikuwamo katika somo lolote nililopata kufanyia mtihani.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo nilipotafuta masomo yanayovuka mipaka ya fani moja. Katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu Huria kilikuwa kikiendesha, pamoja na Southern New Hampshire University ya Marekani, shahada ya uzamili katika maendeleo ya uchumi wa jamii. Darasani nilikaa na muuguzi, bwana shamba, mwalimu na mtumishi wa benki. Tulisoma jinsi ya kupanga mradi, kutunza fedha, kufanya utafiti na kushauriana na wananchi. Tasnifu yake haikuandikwa kwa vitabu peke yake: kila mwanafunzi alifanya kazi na kikundi cha jamii, akachunguza mahitaji yao, akasaidia kutekeleza mradi, kisha akaupima.

Mimi nilikwenda kwa kina mama wakaanga samaki. Kwa miaka mingi nilikuwa nikizungumza na wavuvi juu ya nyavu. Kina mama hawa walizungumza nami juu ya deni. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviwezi kwenda mbali, na nyumba nyingi hukopa kwa tajiri. Tajiri huyo ndiye mwenye wavu, na mwenye deni humuuzia yeye samaki kwa bei aitakayo yeye. Tulipochoma kokoro, tuliongeza deni, na deni lilimrudisha mtu kwenye kokoro. Basi shauri la nyavu lilikuwa pia shauri la fedha za miezi ya kusi.

Kikundi kilianza kuweka akiba wakati wa kaskazi na kukopeshana wakati wa kusi, na baadhi ya nyumba zilinunua nyavu za matundu makubwa. Sisemi kokoro lilikwisha, la hasha. Wapo walioliacha na wapo wasioliacha. Lakini walioliacha waliliacha bila ya kukimbizwa na doria.

Sasa niseme juu ya gharama. Mkubwa wangu mmoja aliniambia kwamba bwana samaki anahitaji boti, si shahada. Juu ya boti alisema kweli. Mama watoto nami tulikaa, tukahesabu, tukakubaliana kwamba paa la nyumba yetu lingojee; lilingoja miaka miwili. Nilisoma kati ya sala ya alfajiri na saa moja asubuhi. Barua ya kupandishwa cheo haikuja nilipohitimu, na anayesoma kwa ajili ya barua hiyo peke yake ajiandae kungoja.

Tena, vijana, uhuru wa ratiba una hatari yake. Hapa shuleni ipo kengele, kule haipo. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hukufungua kitabu wiki nzima. Leo, masomo mengi yanapofuatwa kwa intaneti, uhuru umezidi na hatari imezidi nao. Jiwekeeni kengele yenu.

Nanyi wa mchepuo wa sayansi msiwadharau wenzenu wa historia na uchumi, wala wao wasiwaogope ninyi. Mtakapofika kazini, tatizo halitawauliza mlisoma mchepuo gani. Shikeni fani moja barabara, mfanye kazi, kisha tatizo lililowashinda liwachagulie masomo ya kuongeza.

Neno la mwisho. Tasnifu yangu iliandikwa kwa Kiingereza. Nilipohitimu nilikwenda ufukweni, nikawasomea kina mama wale mambo yake makubwa kwa Kiswahili. Mweka hazina wao alidai nakala yake, akaitia katika sanduku pamoja na daftari la fedha. Nawaombeni nyote mtakaosoma mkiwa kazini: kazi ikishatiwa sahihi chuoni, ipelekeni pia kwa wale waliowapa swali.