NENO "TRUST" NA MAANA ZAKE



Yako maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi huyajifunza katika mwaka wake wa kwanza, akadhani ameyamaliza. Neno "trust" ni mojawapo. Shuleni hufundishwa kwamba maana yake ni kutumaini au kuamini: mama humtumaini mwanawe, na mgonjwa humwamini daktari. Ni kweli, lakini hiyo ni maana moja tu.

Maana ya pili ni ya dukani. Mwingereza wa zamani aliposema amenunua sukari kwa "trust", hakuwa akimsifu mwenye duka. Alisema kwamba amekopa, naye atalipa baadaye.

Maana ya tatu ni ya biashara kubwa. Huko Marekani, mwaka 1882, makampuni mengi ya mafuta yaliwekwa chini ya wadhamini wachache, yakaitwa Standard Oil Trust. Tangu hapo neno hilo likatumika kwa kila shirika lililoua ushindani ili lipange bei kama lipendavyo. Sheria ya kuyazuia mashirika hayo ilitungwa mwaka 1890, na mwaka 1911 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamuru Standard Oil ivunjwe. Basi neno la kuaminiana likawa jina la kitu cha kuogopwa.

Maana ya nne ni ya sheria, nayo ndiyo nzito. Mtu akifa na kuacha shamba na watoto wadogo, shamba laweza kuandikwa kwa jina la mdhamini. Yeye ndiye ashikaye hati, lakini mavuno si yake, ni ya watoto. Akiyala, waweza kumshtaki. Hapo "trust" si jambo la moyoni, bali ni amana yenye wajibu.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwaka 1930 Serikali ya koloni la Kenya ilitunga sheria ya ardhi ya Waafrika yenye neno hilo katika jina lake. Ilisema kwamba rizavu zimetengwa kwa faida ya wenyeji daima, na sehemu ikitwaliwa, ardhi nyingine itolewe badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ikabadilishwa, hata ardhi ikaweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu. Watu walioliamini neno hilo kwa maana ya kwanza walikuwa na haki ya kuuliza maana ya nne imekwenda wapi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mabaraza ya wilaya yalikabidhiwa ardhi hiyo kwa faida ya wakazi wake. Lakini tume iliyotoa taarifa mwaka 2004 ilionyesha kwamba sehemu nyingine ziligawiwa kinyume cha sheria. Katiba ya mwaka 2010 ikaiita ardhi ya jamii.

Basi, kila asomaye hati yenye neno hilo na aulize maswali matatu: Nani ashika mali? Nani ala faida? Nani aweza kumdai mshikaji hesabu? Hati ikiyajibu yote, hiyo ni amana. Isipoyajibu, ni ombi la kuaminiwa tu.