Uso wa Mtoto, Macho ya Bibi



Sisi wa kamati ya fedha mmezoea kutusikia tukiwasomea mapato na matumizi. Leo tunaomba kuzungumzia matumizi yasiyo na jengo la kuwaonyesha: mafunzo ya wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini kwetu.

Trakoma tunaijua. Wengi wetu tumemwona bibi akiongozwa na mjukuu kwa fimbo. Ugonjwa huanza utotoni: tongotongo, nzi, vidole, na khanga moja inayofuta nyuso za watoto watatu. Maambukizi yakirudi mara kwa mara, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi giza linaingia. Akina mama huumia zaidi, kwa kuwa wao ndio walezi.

Kinga yake ilipimwa kule kule kwetu. Watafiti walichukua vijiji sita vya Kongwa. Vyote vilipewa dawa, lakini vitatu viliongezewa mikutano ya majirani kuhusu kuwanawisha watoto uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet la Uingereza: watoto waliodumu na uso safi hawakusumbuliwa sana na trakoma kali. Dawa ilihitaji mtu wa kuketi na majirani.

Mtu huyo ndiye tunayemwombea mchango. Atafundishwa kumpima mtoto urefu kwa fimbo yenye alama ili ajue kipimo cha dawa, kumtambua mama ambaye kope zimeanza kugeuka, apelekwe kwenye upasuaji mdogo mapema, kuhimiza vyoo, na kuonyesha kuwa maji kidogo ya kikombe yanatosha uso wa mtoto, hata kiangazi ndoo inapofuatwa mbali.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima katika miaka mitano. Tunaupokea kwa mikono miwili. Ukifika vitongojini kwetu, uwakute watu waliokwisha kuizoea kazi.

Lakini kama wahasibu tuseme wazi: kujitolea kuna gharama. Anayezunguka kaya kwa kaya msimu wa palizi anaacha mtama wake umezwe na magugu. Tukilipia mafunzo ya wiki moja kisha tukamsahau, fedha zimepotea. Ndiyo maana bajeti iliyo mbele yenu ina mafungu mawili, na tunaomba msiyatenganishe: mafunzo ya kwanza, kisha baiskeli na vipuri, nauli, posho ya chakula na mafunzo ya marudio.

Tukijenga zahanati, tunaipiga picha. Jicho lililopona kabla ya kupofuka halina picha wala stakabadhi, lakini mwenye nalo atapalilia shamba lake na kumtambua mjukuu wake akiwa bado yuko mbali.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina.