Viatu vya Kupandia Milima ya Mawe



Nimeombwa niseme juu ya viatu. Najua wapo waliotegemea kwamba mtumishi wa Serikali akipewa nafasi atazungumzia maendeleo kwa ujumla mpaka chakula kipoe. Mimi ni mpima ardhi. Tangu nilipohitimu pale Ardhi, wakati kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimeipata riziki yangu kwa kupanda vilima na vyombo mgongoni, kwa kuwa alama za upimaji hupenda kuwekwa mahali panapoonekana kutoka mbali. Jambo hili basi nalijua kwa nyayo.

Tena leo lina haja. Kamati imeleta pendekezo kwamba chama kiwanunulie kidato cha tatu viatu vya safari ya jiografia, ya kupanda milima hii tunayoitazama kila siku. Pendekezo linasema viwe viatu vyeusi vya ngozi, ili vifae mlimani na darasani pia. Nia ni njema na hesabu imepigwa vizuri. Hata hivyo naomba tusilipitishe.

Tuutazame kwanza mlima wenyewe. Sisi wa Malolo tumekaa upande wa Rubeho, na Udzungwa iko ng'ambo ya Ruaha Mkuu. Yote ni Milima ya Tao la Mashariki, na mwamba wake ni wa kale sana, uliopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi hadi ukawa na mistari mistari. Vijana mmefundishwa jina lake, naisi. Ukiwa mkavu na safi, mpira unaushika vizuri. Taabu ni vile vilivyolala juu yake: changarawe, ambayo chini ya soli huviringika kama mtama uliomwagwa sakafuni, na ule utando wa kijani mahali maji yanapochuruzika.

Sasa mvike kijana kiatu cheusi cha ngozi. Soli yake ni ngumu, haina meno, imetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Kupanda atapanda, kwa maana anayepanda huinama na kusaidiwa na mikono, na macho yake yako karibu na jiwe. Mashaka yako katika kuteremka. Hapo miguu imechoka, uzito wote unashuka juu ya unyayo mmoja, na kiatu kikiteleza hakuna cha kushika ila majani. Nimekwenda milimani na vibarua wengi, na walioanguka karibu wote walianguka wakati wa kurudi nyumbani.

Mpira hushikaje jiwe? Mpira mlaini hubonyea, ukaingia katika vishimo vidogo ambavyo macho hayavioni. Mpira mgumu hukaa juu juu. Lakini ule unaobonyea ndio unaolika upesi, na ule usiolika ndio usioshika. Uimara na ushikaji ni watu wa nyumba moja wasioelewana, na muuzaji anayekuahidi vyote viwili kwa ukamilifu mwombe akutembeze naye mlimani kwanza.

Chukueni mfano wa katambuga. Mimi nazistahi. Mpira wa tairi huchanganywa na masizi ili usilike, na mfugaji huvaa jozi moja miaka mingi. Kwa njia ya vumbi sijaona kinachozishinda. Katika jiwe lenye maji ni habari nyingine, na wakati wa kuteremka mguu wenye jasho husogea mbele ndani ya mikanda, vidole vikatangulia kiatu. Ama njumu, ambazo nasikia baadhi yenu mmekusudia kuzivaa kwa sababu zina meno, ziacheni uwanjani. Meno yale huingia katika udongo. Juu ya mwamba unakuwa umesimama juu ya vigingi vichache vigumu.

Wenzetu wa Ulaya nao walihangaika. Zamani walipigilia misumari ya chuma katika soli za ngozi. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani aliona wenzake sita wakifa katika mlima wa Punta Rasica, na viatu vyao visivyofaa vikahesabiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1937 alitoa soli ya mpira yenye meno mapana, ikaitwa Vibram kwa jina lake. Aliyemsaidia ni kampuni ya matairi ya Pirelli. Kwa hiyo hata huko njia ilipitia kwenye tairi.

Mkoa wetu pia ulipewa kiwanda cha viatu pale Morogoro, kwa fedha za Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingine ziuzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo huo, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Kingekuwapo ningesema tukaagize huko. Hakipo, basi twende kwenye mitumba.

Mkiwa sokoni, msianze na jina la kiatu. Kigeuzeni. Bonyezeni soli kwa ukucha wa kidole gumba: ikiacha alama halafu ikarudi, mpira una uhai, ikiwa kama pembe ya ng'ombe, rudisheni. Kikunjeni: kinatakiwa kikunjike penye vidole, si katikati ya unyayo. Tazameni kama soli imeshonwa kuzunguka, au ni gundi tupu, maana gundi na jua la huku hazipatani. Jihadharini zaidi na buti zinazoonekana mpya, zenye soli nyepesi kama sifongo. Zikikaa stoo miaka mingi, unyevu wa hewa huzila kwa ndani, na siku ya safari humeguka kama mkate. Tafuteni nyufa ndogo ubavuni. Jaribuni kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pamoja na soksi. Pigeni teke ukuta polepole. Vidole visiguse mbele, wala kisigino kisicheze.

Pendekezo langu ni hili. Badala ya jozi moja kwa kila mwanafunzi, tununue jozi 20 za buti za mitumba zenye ngozi nzima, saizi 37 hadi 43, ziwe mali ya shule na zitunzwe stoo pamoja na vifaa vya michezo. Makundi yapande kwa zamu. Tuchague zinazoshika, hata kama zitalika, kwa sababu soli iliyolika fundi ataishona nyingine, na hela iliyobaki tumwekee fundi huyo. Kifundo cha mguu kilichovunjika huko juu hubebwa na wenzake wanne kwa machela, saa kadhaa, kabla hata ya kuiona barabara.

Soksi kila mmoja aje na zake. Hilo, Ndugu Mwenyekiti, chama hakitaweza kulichangia.